Posa Siku ya Theluji

Saa mbili asubuhi ya Jumapili, mlima Misti haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika tangu usiku, na upepo ulioteremka kutoka huko juu ulinuka theluji. Uani kwa akina Valdivia, mtaa wa Cayma, chungu cha adobo kilikuwa kimeiva: nyama ya nguruwe iliyolala usiku kucha ndani ya chicha, pombe ya mahindi, na viungo. Don Hilario Valdivia alitoa chupa ya pombe ya anisi aliyokuwa ameificha tangu Krismasi, akaiweka katikati ya meza.

Akina Bedregal walifika kwa wakati. Doña Eufemia alitangulia, mjane mrefu mwenye shali nyeusi, akatazama viti kabla ya kutazama watu. Nyuma yake alifuata mwanawe, Anselmo, mwalimu wa hesabu, katika suti ya kijivu. Alishika maua kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake kwa muda.

Griselda Valdivia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa na miaka ishirini na minane, alifundisha Kihispania katika shule ileile ya Anselmo, na asubuhi hiyo alikuwa anaposwa. Alimtazama Anselmo. Anselmo alitazama maua.

Hilo lilimshangaza. Tangu Machi macho ya Anselmo hayakuwahi kumkosa. Siku ya kwanza alikuwa anapita nje ya darasa la nne akasikia kicheko saa ya sarufi, akachungulia, kisha akaingia akaketi benchi la nyuma pamoja na wanafunzi. Tangu hapo, kila alipokuwa na kipindi huru, benchi lile lilikuwa lake.

Griselda alifundisha sarufi kwa komedia ya zamani ya mji wao, ile ambayo kila mtu wa Arequipa amesikia bibi yake akiitaja na wachache wameisoma. Don Canuto, mlezi bahili, anataka kumwoza yatima Nicolasa kwa karani mzee. Amemkataza kusema hapana, kwa hiyo Nicolasa hasemi hapana hata mara moja.

"Someni jibu lake," Griselda aliwaambia siku ile.

Msichana mmoja, Maribel Condo, alisimama akasoma: "Kama ningekuwa na moyo wa ziada, bwana, ningempa karani. Na kama karani angekuwa na meno, tungecheka pamoja."

Darasa liliangua kicheko.

"Vitenzi viko katika hali gani?"

"Hali ya masharti, mwalimu."

"Don Canuto anaelewa nini?"

"Anaelewa amekubali. Anasugua mikono."

"Na nyinyi mnajua nini?"

"Tunajua hajakubali hata kidogo!"

"Sisi tunajua, yeye hajui. Hicho ni kinaya. Andikeni."

Maribel hakuketi. "Mwalimu, kumbe masharti ni mahali pa kujificha."

"Kwa mtu aliyefungiwa mlango, ndiyo," Griselda alijibu, na kutoka benchi la nyuma Anselmo alimtazama kwa namna iliyomfanya asahau alikuwa anataka kuandika nini ubaoni.

Darasa lile lililokuwa linafeli sarufi kila mwaka lilifaulu mtihani wa Juni. Mwezi huu, kwenye sikukuu ya mji, lilitarajiwa kuicheza komedia yote katika ukumbi wa zamani. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa kuliko yote aliyowahi kuyapata Griselda.

Sasa alimvuta Anselmo kiti. "Kaa. Umelala vibaya?"

"Nimelala," alisema, na bado hakuinua macho.

Walikula kwanza, kwa kuwa adobo haingoji maneno. Doña Tomasa, mama yake Griselda, alijaza sahani za wageni mara mbili. Kisha Doña Eufemia alipangusa vidole, akaweka kisanduku kidogo cha pete mezani, akaanza.

"Don Hilario, Doña Tomasa. Mnaijua familia yangu. Sitasema uongo mbele ya chakula: nilikuwa na mashaka. Binti yenu ni mzuri, amesoma, lakini sikuzoea kumwona mwanamke wa heshima anawarusharusha watoto wa watu jukwaani. Mwanangu atakuwa naibu mkuu wa shule, na mke wa naibu mkuu hawi mkubwa wa vichekesho. Sasa namshukuru Mungu, hilo limekwisha, na mashaka yangu nayo yamekwisha. Nimekuja kwa moyo mweupe."

"Limekwisha lipi, Doña Eufemia?" Griselda aliuliza.

"Hiyo komedia yako, binti yangu. Kwani Anselmo hajakuambia? Kikao cha Alhamisi kimeiondoa. Kamati ya wazazi tulipeleka malalamiko, walimu wakapiga kura. Mtoto wa kike hafundishwi kumzungusha mlezi wake kwa maneno. Mimi nilijifunza vitenzi kwa kuvinakili na kupigwa rula, na sijakosea kimoja mpaka leo."

Alhamisi. Griselda alikuwa na darasa lake ukumbini siku hiyo, wanapima jukwaa, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Kikao kiliitwa wakati tayari wamekwishaondoka.

"Walimu walipigaje kura?" aliuliza.

"Waligawanyika nusu kwa nusu, fikiria! Ila mwanangu alikuwa wa mwisho kuinua mkono, na Mungu hamtupi mjane." Doña Eufemia alimpigapiga Anselmo begani. "Amekupunguzia mzigo. Utanishukuru ukipata mtoto."

Don Hilario alitazama chupa.

"Anselmo," Griselda alisema. "Uliinua mkono?"

"Gris, tunaweza kuzungumza baadaye..."

"Nimeuliza jambo dogo. Uliinua, hukuinua?"

"Niliinua."

"Ijumaa tulikuwa uwanjani. Ulininunulia barafu ya maziwa. Nilikueleza saa nzima jinsi Maribel atakavyoingia kutoka kushoto. Ukasema vizuri sana, aingie kutoka kushoto."

"Sikutaka kukuharibia jioni."

"Ukaona uniharibie mwaka."

"Binti," Don Hilario alisema kwa sauti ya chini, "wageni."

"Nawaona, baba. Mmoja amenifanyia hila na mwingine ameishika mkono hila hiyo, na wote wawili wamemaliza nyama yetu." Griselda alikichukua kisanduku cha pete, akakisukuma polepole mpaka kikagota sahani ya Doña Eufemia. "Posa hii siitaki. Nasema hapana. Nimeisema wazi ili asiwepo wa kuniuliza nilikusudia nini."

Doña Tomasa alishika msalaba wa shingoni. Don Hilario alifumba macho. Doña Eufemia peke yake ndiye aliyetabasamu, tena kwa huruma. Akainua kidole kuelekea lile wingu lililouficha mlima.

"Maskini. Nevada imempata."

Uso wa kila mmoja ulilegea. Arequipa nzima, theluji ikianguka mlimani, mtu anayekasirika huambiwa amepatwa na nevada. Hupewa chai yenye anisi, hufunikwa shali, na alichokisema hakihesabiwi mpaka jua litoke. Watu wameachana asubuhi na kula pamoja jioni kwa sababu hiyo tu.

"Kweli, nevada hiyo," Doña Tomasa alisema haraka haraka. "Tangu alfajiri nimemwona, alivunja kikombe."

"Kikombe kiliteleza, mama! Nilikuwa nina furaha!"

"Unaona? Anapiga kelele."

"Napiga kelele kwa kuwa nimedanganywa. Theluji inahusu nini? Theluji ndiyo iliyopiga kura Alhamisi?"

"Mimi nikipatwa hutupa sufuria," Doña Eufemia alimwambia Doña Tomasa, kama wanawake wawili walio kando ya kitanda cha mgonjwa. "Marehemu mume wangu alikuwa anatoka nje na kofia yake tu. Mpe chai. Mwekee matone mengi."

"Doña Eufemia, nipo hapa. Nasikia."

"Ndiyo, mwanangu, ndiyo. Unasikia."

Don Hilario alijaza glasi. "Binti yangu alikubali moyoni tangu zamani," alisema bila kumtazama. "Leo ni hali ya hewa. Kwa niaba ya nyumba hii, Doña Eufemia, tumepokea."

Wakagonganisha glasi. Anselmo pia alichukua yake. Aliinua, akasita, akanywa.

Griselda alimwona akinywa. Aliondoka mezani akaingia jikoni.

Anselmo alikuja baada yake, kama Griselda alivyojua angekuja. Alifunga mlango kwa mgongo, akasimama pale penye moshi wa kuni, na sasa alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale ya benchi la nyuma. Griselda alichukia kuona kwamba yalikuwa bado na nguvu juu yake.

"Nisikilize kidogo tu."

"Nakusikiliza. Mimi huwa nasikiliza watu."

"Mkuu aliniambia asubuhi ile, nafasi ya naibu ni yangu kama sitamletea matatizo na kamati. Mama alikuwa ameketi mbele yangu. Unaujua moyo wake. Kama ningeinua mkono upande wa pili, angeanguka palepale. Kama nisingekuwa mwanawe, ningekutetea. Kama ungekuwepo, ningekuwa na nguvu. Ningekuambia Ijumaa, ila ulikuwa unacheka, na kama ningekuambia..."

"Nicolasa alisema hivyo kwa kuwa alifungiwa mlango na mwanamume mwenye funguo," Griselda alisema. "Wewe ulikuwa na mlango wazi, mshahara na miaka thelathini na mbili. Nani alikufungia?"

Anselmo alifunga kifungo cha koti lake.

"Ulicheka na darasa langu. Ulijua ni nini kimetokea kwa wale watoto. Walimu wengine walioinua mikono hawakuwahi kuliona darasa hilo. Wewe uliliona ukiwa umeketi ndani yake. Ndiyo maana wao nawasamehe."

"Nitalitengeneza. Nikipata unaibu, mwaka ujao nitairudisha komedia yako kimyakimya."

"Kimyakimya! Yaani hata zawadi yako inapita mlango wa nyuma."

"Gris." Alinyoosha mkono akaugusa mkono wa Griselda wenye masizi. Ulikuwa mkono wa moto, na kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. "Nakupenda. Hilo halina sharti."

"Kama unanipenda, toka nje useme mezani kwamba sina nevada. Sema tu: Griselda amekasirika, na ana sababu."

Anselmo aliangalia mlango. Nje, Doña Eufemia alikuwa anasimulia jambo, na wazee walikuwa wanacheka kwa adabu.

"Tungoje mbingu zifunguke," alisema hatimaye. "Kesho utaona tofauti. Leo kila mtu ana presha."

Griselda aliutoa mkono wake.

"Hilo nalo umelisema wewe," alisema. "Nilidhani utawaachia wao."

Wageni waliondoka kabla ya misa ya mchana. Kisanduku kiliachwa mezani. Doña Tomasa alikihamisha kwenye kabati ya vyombo bila kusema neno, na Griselda alikitoa akakitia kwenye mkoba wake wa shule.

Jumatatu asubuhi hakukuwa na wingu hata moja. Misti ulisimama mzima, mweupe mpaka mabegani, na jua lilikuwa kali kiasi cha kuumiza macho. Baada ya bendera kupandishwa na wanafunzi kuingia madarasani, walimu walikusanyika kwenye chumba chao kwa matangazo ya wiki. Mkuu wa shule, bwana Ballón, alikuwa na orodha mkononi. Doña Eufemia aliketi karibu naye. Alikuwa amekuja, kwa niaba ya kamati, kuchukua mavazi ya mchezo ili yasizagae.

"Kabla ya matangazo," Griselda alisema akiwa wima, "naomba wote mtazame dirishani."

Walitazama. Mwalimu wa jiografia aliguna, "Mzuri leo."

"Jua limetoka?"

"Limetoka, mwalimu Valdivia," alisema bwana Ballón. "Una nini?"

"Jana nilisema neno, nikaambiwa ni theluji. Leo hakuna theluji ya kulaumiwa, kwa hiyo nalirudia mbele yenu." Alikiweka kisanduku mezani, mbele ya Anselmo. "Sitaolewa na mwalimu Bedregal. Aliinua mkono dhidi ya kazi yangu nikiwa sipo, akala nami kesho yake akanyamaza, na nilipolalamika akanywa glasi juu ya malalamiko yangu. Nimelala, nimekula, sina homa. Kama yupo atakayesema ni nevada, aseme sasa nimsikie."

Doña Eufemia alifungua kinywa, akalitazama dirisha, akakifunga.

"Na wewe, bwana Ballón," Griselda aliendelea, "uliniruhusu kwenda ukumbini Alhamisi, halafu ukaitisha kikao nikiwa huko. Sikuombi kitu. Nataka tu kila mmoja hapa ajue kwamba mimi najua."

Mkuu wa shule alikunja orodha yake, akaikunjua tena.

Anselmo alisimama. Alikuwa amepauka, lakini safari hii hakutazama sakafu wala meza.

"Hakuna nevada," alisema. "Hata jana haikuwepo. Nilimsikia vizuri tangu neno la kwanza. Nilijificha nyuma ya theluji kwa sababu ilikuwa karibu."

"Anselmo, kaa chini," Doña Eufemia alisema.

"Bwana mkuu, kura yangu ya Alhamisi naifuta. Niliipiga kwa kuahidiwa cheo. Mimi ndiye pekee kwenye kikao kile niliyelijua lile darasa, na nilinyamaza. Iandike hivyo."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Bwana Ballón alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Unaelewa unasema nini? Unaelewa ile nafasi haitakungoja?"

"Naelewa."

"Mwanangu, moyo wangu!" Doña Eufemia alishika kifua.

"Mama, nilikuwepo daktari alipokupima. Alisema una moyo wa nyumbu." Alisema kwa upole, kisha akamletea glasi ya maji, akaiweka mbele yake, akarudi mahali pake. "Kura, bwana mkuu."

Mwalimu wa jiografia, ambaye alikuwa ameipinga komedia, alicheka kabla ya kujizuia. "Basi zimelingana," alisema. "Na zikilingana, mpango uliopitishwa Machi unabaki. Ndiyo kanuni."

"Najua kanuni," bwana Ballón alisema kwa ukali. Alitazama chumba kizima akitafuta uso wa kumsaidia. Wengi walikuwa bado wanautazama mlima. "Inabaki, basi. Mavazi yasitoke. Kama kuna mzazi atakayelalamika, nitamwelekeza kwako, mwalimu Valdivia."

"Waje," Griselda alisema. "Darasa la nne, benchi la nyuma lina nafasi."

Doña Eufemia aliinuka, akajifunga shali, akatoka bila kuyagusa yale maji.

Kengele ililia. Walimu walitawanyika haraka kuliko kawaida, na nje barazani sauti zao zilipanda mara moja. Griselda alikuwa anakusanya vitabu vyake Anselmo alipomfikia. Hakumgusa.

"Asante kwa kura," alimwambia. "Lakini kura si posa."

"Najua."

"Nimekasirika bado. Nitakasirika kesho pia. Usinitazame hivyo, haitasaidia."

"Ningependa..." Alinyamaza, akaanza tena. "Nataka kuja kwenu leo jioni."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba baba yako radhi. Nilikunywa pombe yake huku wewe unasema hapana."

"Halafu?"

"Halafu nitasikia utakachosema. Ukisema nenda, naenda."

Griselda alimtazama kwa muda mrefu. Aliona jinsi tai yake ilivyokaa upande, na jinsi mikono yake, iliyozoea chaki, ilivyokuwa haijui iwekwe wapi. Alitamani kuinyoosha ile tai. Hakuinyoosha.

"Njoo," alisema. "Bila mama yako."

Akaenda darasa la nne. Waliendelea na onyesho la pili, na Maribel Condo aliingia kutoka kushoto.

Saa kumi na mbili jioni mlango wa akina Valdivia uligongwa. Don Hilario alifungua. Anselmo Bedregal alikuwa amesimama barabarani, peke yake.